Picha Sabini na Nane

Sehemu ya Tisa

Mkono wa Meneja ulikuwa unashuka kwenye soketi.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na ujumbe wenu nimeupata. Kuna aliyeniita katili. Kuna mama mmoja aliyeandika kwamba siku saba hajapata usingizi, nimwambie tu kama ule waya ulichomolewa au haukuchomolewa. Ulichomolewa, mama. Sasa kaa vizuri.

Kwa wewe unayeingia leo: yule mwanamke aliyekaa mbele ya meza, wenzake kiwandani humwita Dada Maabara. Kazi yake ni kupima maji kabla hayajatiwa kwenye chupa na kwenda kuuzwa. Kwa miezi mitatu vipimo vyake vilisema maji hayafai, na kwa miezi mitatu Meneja aliandika neno moja juu ya fomu, "Endeleeni," akatia saini. Dada Maabara hakuwa na la kufanya ila moja. Kila jioni, fomu ikishapita kwa wote wanaotia saini, aliibandika ubaoni, akaweka chupa ya siku hiyo kando yake na namba ya toleo ikionekana, akapiga picha kwa tableti ya kazi.

Fomu zenyewe zimeshachomwa moto. Watoto kumi na mmoja wamelazwa. Leo saa nane mchana Kamati ya Afya inakaa kuamua nani aliyewanywesha yale maji: aliyeandika endeleeni, au mpimaji anayedaiwa kulala kazini miezi mitatu mizima. Ikiamua ni mpimaji, ni jela. Picha sabini na nane ndizo zinazosimama kati ya Dada Maabara na jela.

Na picha hizo hazikuwa na nakala popote.

Yeye aliamini zinajihifadhi zenyewe. Jana ndipo alipochungulia kwenye mipangilio akakuta bakapu ya mwisho ilifanyika siku aliyopewa tableti. Ilikuwa imewekwa ihifadhi nakala ikiwa kwenye chaji na kwenye wifi, vyote viwili kwa pamoja. Maabara ina soketi lakini iko nyuma ya matangi, wifi haifiki. Wifi ya kiwanda inashika vizuri mahali pamoja tu, ofisini kwa Meneja.

Ndiyo maana asubuhi alipoitwa ofisini kukabidhi tableti, hakukimbia. Aliingia kwa miguu yake, akaomba kuichaji kidogo, akachomeka waya kwenye soketi ya adui.

Nakala ilikuwa imefika asilimia sitini na moja Meneja alipouvuta ule waya.

"Unachaji nini hapa? Umeme wa baba yako?"

Skrini ikaandika: Imesimama. Inasubiri chaji.

Dada Maabara hakuuruhusu uso wake kusema kitu. "Sawa, Bosi. Ifute tu hivyo hivyo."

"Nitaifuta, na utaangalia."

"Ina asilimia nne ya betri."

"Kwa hiyo?"

"Jaribu."

Meneja alijaribu. Alibonyeza kwa kidole kinene, akarudia, akabonyeza kwa hasira kana kwamba tableti ni kengele ya mlango. Mwanasheria wa kampuni, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, aliinama akasoma kilichoandikwa.

"Imekataa. Inasema chaji haitoshi kufuta kila kitu. Inataka ifike ishirini."

"Nilitaka kukusaidia," alisema Dada Maabara.

Msomaji wangu, ungeuona uso wa yule bwana. Ilibidi apige magoti kwenye zulia lake mwenyewe, tumbo likigongana na droo, aurudishe waya alikoutoa. Mlio mdogo ukasikika. Sitini na mbili.

Sasa skrini ilikuwa na namba mbili zinazokimbizana. Betri ikifika ishirini kabla ya nakala kufika mia, picha zimekwenda na maji. Nakala ikitangulia, Meneja atafuta tableti tu akidhani amefuta ushahidi. Dada Maabara alikuwa anazisoma zote mbili kichwa chini, kutoka upande wake wa meza, huku anajifanya anatazama viatu vyake.

"Wakati tunasubiri," alisema Meneja, "tia saini hapa."

Karatasi ilikuwa moja. Ilisema kwamba yeye, mpimaji, kwa uzembe wake mwenyewe, hakupima maji kwa miezi mitatu, na kwamba uongozi haukujua.

"Nisome kwanza."

"Soma upesi."

Alisoma kama mtu anayechambua mchele. Betri nane, nakala sabini.

"Hapa mmeandika nilianza kazi mwezi wa tatu. Nilianza wa pili."

"Hilo linabadilisha nini?"

"Linabadilisha kwamba ni uongo. Mkitaka nitie saini, iwe ukweli."

Mwanasheria alivuta kompyuta yake, akarekebisha, akachapa upya. Printa ilikohoa na kunung'unika kabla haijatoa karatasi. Betri kumi na moja, nakala sabini na tisa.

"Na hapa mmeandika maabara ya chini. Kiwanda hiki hakina maabara ya juu. Kamati wakiuliza ile nyingine iko wapi, mtawaonyesha dari?"

"Mwanamke wewe unanichezea!" Meneja alipiga meza. "Mumeo pale stoo ana akili kuliko wewe. Nimeongea naye jana, ameelewa mara moja. Wewe kichwa chako kimejaa nini?"

"Maji," alisema Dada Maabara. "Lakini yamepimwa."

Mwanasheria alikohoa ghafla ndani ya kiganja chake. Akachapa tena. Betri kumi na tano, nakala themanini na nane.

Hapo mambo yakaharibika. Wifi ilisinzia. Themanini na nane ikakaa themanini na nane, dakika ya kwanza, dakika ya pili, huku betri ikipanda bila huruma: kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Jasho lilimtoka Dada Maabara chini ya kiyoyozi. Alitamani kuinuka aipige ile tableti kofi.

Ishirini.

"Imefika ngapi?" aliuliza Meneja. Alikuwa dirishani, ameipa mgongo ofisi nzima, anawatazama vibarua wanaopakia maboksi.

Mwanasheria aliitazama skrini. Aliitazama kwa muda, maana sasa alikuwa ameuona mshale mdogo wa bluu wa nakala inayopanda, na maneno yaliyo chini yake. Kisha akamtazama Dada Maabara usoni.

Ndugu msomaji, yule dada aliacha hata kujifanya anatazama viatu.

"Kumi na saba," alisema Mwanasheria. "Bado." Akachukua faili lake, akaliweka juu ya tableti.

Saa ya mezani ilikwenda. Meneja alitoka dirishani, akakaa, akaanza kusaini karatasi nyingine zisizotuhusu. Baada ya muda ambao Dada Maabara hataweza kuupima hata akiishi miaka mia, Mwanasheria alinyanyua pembe ya faili, akachungulia, akasema kwa sauti ya kikazi kabisa:

"Sasa tayari."

Chini ya faili skrini ilikuwa imeandika: Nakala imekamilika.

Dada Maabara alichukua kalamu. Meneja alitabasamu meno nje. Dada Maabara akaifunika kalamu kwa kifuniko chake, akailaza juu ya karatasi, akaisukuma yote upande wa pili wa meza.

"Sisaini."

"Unasema?"

"Nimepima maji yako siku sabini na nane. Siku sabini na nane nimekwambia hayafai, nawe umeniambia endeleeni. Leo nimesikia. Naendelea."

Meneja hakupoteza muda kubishana. Aliinyakua tableti, akabonyeza, akabonyeza tena, akaigeuza ili aone vizuri. Skrini ikawa nyeusi, ikawaka, ikamkaribisha kwa lugha kumi kama kifaa kipya dukani.

"Umeona? Hakuna picha. Hakuna kipimo. Hakuna wewe."

"Nimeona, Bosi. Fungua mlango."

"Na nisipofungua?"

"Kumfungia mtu ni kosa," alisema Mwanasheria akikusanya faili zake. "Nisingependa kukutetea na kwa hilo."

Kitasa kilizungushwa. Mwanasheria alimsindikiza Dada Maabara mpaka kwenye korido, na pale, bila kugeuza shingo, akasema kwa sauti ya chini: "Mtoto wa dada yangu ni wa nne kwenye orodha ya waliolazwa. Nenda." Akarudi ndani, akafunga mlango.

Dada Maabara hakutembea. Alishuka ngazi mbilimbili, akachukua simu yake ya vitufe kwa mlinzi wa geti, akakata mitaa mitatu mpaka kwenye kibanda cha fundi simu.

Fundi huyo ni mdogo wake wa kike, mama mmoja baba mmoja. Ana kibanda cha ukubwa wa kabati, kuta zote zimejaa makava ya simu, na mdomo wake haujawahi kupumzika tangu azaliwe.

"Dada! Umetoka mzima! Wamekupiga? Wakikugusa hao mimi nakwenda kuwa..."

"Nipe simu kubwa yoyote inayowaka. Upesi."

Fundi alisukuma kando simu ya mteja iliyofumuliwa matumbo, akamkabidhi yake mwenyewe. Dada Maabara aliingiza jina la akaunti, akaingiza neno la siri, akakosea, akaingiza tena.

Ikafunguka.

Zilikuwa zote pale. Fomu ubaoni, chupa kando, "Endeleeni" ya Meneja imekaa kwa wino wa bluu, sabini na nane kwa hesabu ya mashine. Dada Maabara alikaa juu ya kigoda, akacheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Tangu juzi alikuwa hajalia na alikuwa na haki yake.

"Nikushushie kwenye flashi?" aliuliza Fundi. "Mtandao hapa ni wa kubembeleza, lakini zitashuka."

"Shusha zote."

Fundi alichomeka flashi. Picha ya kwanza ikaanza kushuka. Alipotazama juu ya skrini, akakunja uso.

"Dada. Mbona hapa inasema sabini na nne?"

"Sabini na nane."

"Sabini na mbili."

Walitazama wote. Picha ya mwisho ilipotea mbele ya macho yao. Ikapotea iliyoifuata. Sabini.

"Kuna mtu anafuta," alisema Fundi, na kwa mara ya kwanza maishani sauti yake ilikuwa ndogo. "Anafuta kutoka kwenye kifaa kingine. Hebu. Akaunti hii ina vifaa viwili, Dada, ukiacha hii yangu. Tableti, ile imeshatoka. Na simu." Akasoma jina lake. "Hii si simu ya shemeji?"

Simu ya shemeji. Simu ya Baba Pacha, mume wa Dada Maabara, baba wa mapacha wake, mtunza stoo wa kiwanda kilekile.

Ndiye aliyemfungulia akaunti siku ile alipoleta tableti nyumbani. Alisema familia moja akaunti moja, neno la siri moja, tusije tukasahau. Alionekana mume mwenye busara. Leo picha zilipopanda kutoka ofisini kwa Meneja, zilishuka zenyewe mpaka kwenye simu yake.

"Mtoe!" Dada Maabara alisema. "Mtoe kwenye akaunti!"

"Nikimtoa wanataka msimbo, na msimbo unatumwa kwa mwenye akaunti. Yaani kwake. Na anafuta mpaka kwenye pipa la taka, Dada, haachi kitu. Hamsini na tisa!"

"Nampigia."

"Utamwambia nini?"

"Sijui."

Alipiga kwa simu yake ya vitufe. Hamsini na mbili. Ikaita. Arobaini na tano. Ikaita. Thelathini na saba. Thelathini na nne. Ikapokelewa.

Namba ikasimama. Thelathini na moja.

Fundi alimshika dada yake mkono, akamnong'oneza sikioni: "Simu yake ikiwa na maongezi, data inakatika! Nimeitengeneza ile simu mwenyewe, naijua. Usimwachie! Ongea!"

"Baba Pacha," alisema Dada Maabara.

"Mama Pacha. Umetoka?"

"Nimetoka. Unafanya nini?"

"Unajua ninachofanya."

"Nataka unitajie kwa mdomo wako."

"Zimejileta zenyewe, mke wangu. Nimekaa zangu, naona picha zinaingia moja moja. Nikazitazama. Nikazitazama mpaka chini." Alivuta pumzi. "Chini ya saini ya Meneja kuna saini ya nani?"

Dada Maabara hakuhitaji kutazama. Chini ya fomu kuna mstari wa mtunza stoo, anayepokea maboksi ya siku na kuyaruhusu yatoke.

"Yako," alisema.

"Yangu. Sabini na nane. Picha inayokutoa wewe inaniingiza mimi. Ulilifikiria hilo ulipokuwa unapiga?"

"Nililifikiria kila jioni!" Sauti yake ilipasuka, na wapita njia wawili wakageuka. "Miezi mitatu naiona saini yako. Miezi mitatu nakupakulia chakula nikisema leo ataniuliza. Leo ataniuliza, mke wangu, haya maji niliyopokea yana nini, mbona umeandika hayafai. Hukuniuliza, Baba Pacha. Hata siku moja."

"Ningeuliza ningefukuzwa."

"Nami niliandika. Mbona niko hai?"

Fundi aliinua vidole kumi, akavikunja, akainua vingine vitatu. Kumi na tatu zimeshuka.

"Tuna watoto wawili," alisema mumewe, sasa kwa upole, kwa ile sauti anayoitumia akitaka jambo. "Meneja ameahidi. Zikipotea hizi, Kamati itasema ni bomba la mtaani. Tunapona sote. Nafanya hivi kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu alitaka nisaini kwamba mimi ni mzembe?"

"Ile ni karatasi tu."

"Na wale kumi na mmoja ni nini? Karatasi?"

Fundi alikuwa anahesabu kwa midomo bila sauti. Ishirini na mbili. Ishirini na sita.

Msinione wa ajabu nikisema yule mwanamke alikuwa anampenda mume wake. Alimpenda asubuhi ile alipotoka nyumbani na alimpenda hata pale kibandani, na ndiyo maana ilimuuma mpaka kwenye meno. Lakini simu hakuikata.

"Kamati wanakuita kama nani?" aliuliza.

"Kama shahidi."

"Wa nani?"

"Wa kampuni. Wa kwanza." Kisha akashtuka. "Mbona picha zimegoma kufutika? Mama Pacha, unaniongelesha ili iweje?"

Fundi alichomoa flashi, akaiinua juu kwa mikono miwili, machozi na tabasamu vimechanganyika usoni. Thelathini na moja.

Moja tu ingetosha, aliwaza Dada Maabara. Aliipokea, akaichomeka ndani ya soksi. Hakuwa na haja ya kunong'ona tena.

"Nimezishusha, Baba Pacha. Thelathini na moja. Zilizobaki futa, futa mpaka uchoke. Kila moja niliyonayo ina saini ya Meneja, na kila moja ina yako."

Alitoka kibandani, simu ikiwa bado sikioni.

"Unaweza kusimama pale mbele yao useme mke wako alikuwa analala. Au useme ulichopokea na nani aliyekuamuru upokee. Mimi siji kukuombea wala kukufunika. Lile shati lako jeupe liko nyuma ya mlango, nimelipiga pasi jana. Livae. Nataka wakuone vizuri."

"Nimeshalivaa," alisema mumewe. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Niko hapa nje ya ukumbi wa Kamati. Na Meneja amefika sasa hivi, amesimama pembeni yangu. Anakusikia."

Dada Maabara alishaanza kutembea.

"Vizuri," alisema. "Mwambie asiondoke. Nakuja."